Turubai la toyo na tela: fremu, boliti na mahali pa kufungia



Msimu huu wa nyanya kuna swali linalonifuata gulioni kuliko hata swali la mbolea. Watu wananishika mkono, wananipeleka pembeni walipoegesha toyo, pawatila au kirikuu, wananiuliza: "Bwana shamba, hapa juu niweke nini?" Wengine wameshaweka tayari, wanachotaka ni nikubali kwamba wameweka vizuri. Mara nyingi sikubali. Kwa hiyo leo viwavi na mbegu vikae pembeni, tuongelee mabomba, boliti na maturubai.

Yupo atakayeuliza afisa ugani anatafuta nini kwenye karakana ya kuchomelea vyuma. Nimezunguka na wewe tangu kitalu hadi kuvuna. Tumepiga dawa, tumepalilia, tumesimika miti ya kuegemezea nyanya. Halafu nyanya ile ile inakaa juani saa nne au tano juu ya tela, na ikifika gulioni mnunuzi anaibonyeza kwa kidole na kukata bei nusu. Ukungu ukiingia shambani unanipigia simu usiku. Hasara hii ya njiani unailipa kimya kimya kama kodi.

Zao likishachumwa bado liko hai. Linapumua, linapoteza maji, na kadiri joto linavyopanda ndivyo linavyochoka haraka. Tunda lililopigwa na jua moja kwa moja huwa na joto kuliko hewa inayolizunguka. Kama huamini, saa saba mchana shika nyanya ya juu kabisa ya tenga, kisha ingiza mkono ushike ya katikati.

Dawa waliyoizoea wengi ni kulaza turubai juu ya matenga na kulikaza kwa mipira ya tyubu. Mvua haiingii, kweli. Lakini jua likiwaka turubai linashika moto, na kwa kuwa limelala juu ya mzigo, moto huo wote unashuka kwenye mzigo. Ukifunua unakutana na mvuke kama wa sufuria ya makande. Ukipita Ilula msimu wa nyanya utaona matenga yamepangwa kando ya barabara kuu, na kule juu kuna ubaridi. Mzigo ukifungwa pale kwa turubai la kubana, kisha gari likashuka mlima Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni, unaingia kwenye joto jingine kabisa ukiwa hauna pa kupumulia. Vitunguu vinaweza kukusamehe kidogo, nyanya na mboga za majani hazikusamehei.

Kinachotakiwa basi ni paa, si blanketi. Paa maana yake kuna nafasi kati ya turubai na mzigo: sentimita 20 hadi 30 zinatosha, na mbele na nyuma pawe wazi ili hewa ipite chombo kinapotembea. Hapo kwenye neno paa ndipo watu wanapovuka mpaka na kujenga nyumba.

Kijana mmoja wa kijiji jirani, ambaye ameniruhusu nisimulie bila jina, alinunua toyo kwa mkopo wa kikundi, marejesho kila wiki. Akatengenezewa banda hasa: mabomba ya inchi mbili, bati juu, kimo cha mtu kusimama, na vyote vimechomelewa moja kwa moja kwenye bodi. Ilipendeza, watu wakaipiga picha. Wiki ya tatu alikuwa anarudi kutoka gulioni, ameshauza kila kitu, anapita juu ya tuta la bwawa. Upepo wa ubavuni ukaingia chini ya lile bati na toyo ikalala. Mkono wake ulivunjika juu ya kiwiko. Alikaa wiki nane bila kuendesha, na marejesho hayasubiri mfupa uunge. Mke wake aliuza mbuzi wawili na mabati waliyokuwa wameyaweka kwa ajili ya jiko.

Yule fundi anajua kuchomelea, mishono yake iko imara mpaka leo. Tatizo lilikuwa kile alichoombwa atengeneze. Toyo ina gurudumu moja mbele, kwa hiyo kwenye kona na kwenye upepo wa ubavuni wepesi wake wa kuanguka ni mkubwa kuliko wa gari la magurudumu manne. Akiwa na matenga, uzito ulikuwa chini na chombo kilitulia. Alipokuwa tupu, chini kukawa kwepesi na juu kukabaki kuzito. Watu hudhani hatari iko safari ya kwenda na mzigo. Kwa chombo chenye paa refu, iangalie sana safari ya kurudi.

Upepo nao una hesabu yake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo kwenye turubai huongezeka mara nne. Ukienda kilomita 40 kwa saa, turubai linavutwa mara nne ya ulipokuwa unaenda 20. Ukikutana na upepo wa kilomita 20 unaokuja usoni, ni kama unaenda 60, na hapo nguvu imefika mara tisa. Ndiyo maana turubai lililotulia kijijini linapasuka ukifika lami.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata boliti moja, amua hili: paa lako litang'oka au halitang'oka? Mimi nasema ling'oke, na liwe fupi. Usitafute kimo cha kusimama, pima mzigo wako wa kawaida ukiwa umepangwa, ongeza ile nafasi ya hewa, ishia hapo. Siku ukibeba mabua, kitanda au magunia ya kupanga juu, unalitoa na kuliacha nyumbani. Siku ya upepo mkali na huna mzigo, unalikunja na kulilaza ndani ya bodi.

Sasa namna ya kulifunga. Kuchomelea moja kwa moja hakuna dhambi kwenye tela la trekta lenye chuma kinene, ingawa hata hapo nisingekimbilia. Kwenye toyo bodi ni bati jembamba. Moto unaunguza rangi, kutu inaanzia pembeni mwa mshono, na kwa mtikisiko wa barabara zetu ufa unaanzia hapo hapo. Kama kuna kitu ni lazima kichomelewe juu ya chombo chenye injini, mwambie fundi afungue nyaya za betri kwanza na akinge tenki la mafuta na cheche. Fundi wa mlangoni na madirishani hakumbuki haya, kwa sababu dirisha halina betri.

Kuna yuboliti, kile chuma kilichopinda kama kwato chenye nati mbili. Kinakumbatia nguzo ya bodi pamoja na bomba lako, na hutoboi popote. Hii ndiyo njia ya mtu aliyekodi chombo, kwa sababu mwenye mali akiona tundu jipya mtagombana. Udhaifu wake ni kulegea, na bomba la mviringo huzunguka ndani yake. Weka kipande cha mpira wa tairi kati ya vyuma viwili, funga nati mbili mbili ili ya pili iibane ya kwanza, na tumia yuboliti mbili kwa kila nguzo, ya juu na ya chini. Moja peke yake inakuwa bawaba.

Ninayoipenda mimi ni soketi, na hapa naomba utulie nami kidogo. Soketi ni kipande cha bomba la mraba kinachofungwa kwa boliti ubavuni mwa bodi, kisha nguzo ya paa inashuka ndani yake. Kona nne, soketi nne. Tela la pawatila likiwa refu weka sita. Nguzo iwe bomba la mraba la inchi moja na robo, soketi iwe ya inchi moja na nusu. Usiamini maneno ya dukani, beba kipande cha bomba moja ukiingize ndani ya jingine pale pale. Unene wa chuma unatofautiana, na bomba nene kwa ndani linakuwa dogo. Kama nguzo inacheza sana itagonga njia nzima, na kinachogonga kinakula tundu la boliti.

Urefu wa soketi usipungue sentimita 20. Soketi fupi ni kama jembe lenye mpini uliolegea: nguzo inayumba, na nguvu yote inaangukia boliti ya juu. Kila soketi ifungwe kwa boliti mbili za milimita 10, zile za spana namba 17, moja karibu na juu na nyingine karibu na chini. Upande wa ndani wa bodi usiache nati ikae juu ya bati peke yake. Weka kipande cha flatibaa chenye matundu mawili, boliti zote zipite humo, kisha springi washa, kisha nati. Bila flatibaa, siku moja bati litachanika kama karatasi na boliti itabaki nzima imening'inia. Nimeona hivyo kwenye toyo tatu msimu huu peke yake, na wenyewe wote walilaumu boliti.

Chini ya soketi usizibe. Maji yakikaa humo yanakula chuma kutoka ndani na wewe unaona rangi nzuri nje. Pitisha boliti ndogo ya kukata katikati kwa chini ili nguzo isimame juu yake, maji yaendelee na safari yao. Ncha za juu za nguzo ndizo uzibe. Halafu kila nguzo iwe na pini inayopita kwenye soketi na nguzo kwa pamoja. Boliti ya milimita 8, spana namba 13, inafaa, au pini yenye kishikizo cha waya kama ile ya kuungia tela na pawatila. Uzito wa fremu hauwezi kuzuia upepo usiinyanyue. Pini ndiyo inayozuia, na pini ndiyo watu wanayoiacha nyumbani.

Fremu ya juu fanya upinde au mgongo. Katikati pawe juu ya pembeni kwa sentimita 10 hadi 15 ili maji yatiririke. Watu wanachukulia hili kama urembo, kumbe ni suala la uzito. Turubai la mita 2 kwa mita 1.5 likilegea na kushika maji ya wastani wa sentimita 3, hapo juu umebeba lita 90, yaani kilo 90, karibu gunia la mahindi. Ukikata kona na hilo gunia la maji likahamia upande mmoja, hakuna breki itakayokusaidia. Weka vipande vya kukatiza vitatu au vinne chini ya turubai ili lisipate pa kutengeneza bakuli, na paa lisizidi upana wa bodi.

Kuhusu turubai lenyewe sitakaa sana, kwa sababu sokoni utachagua kwa mfuko wako. Lile jepesi la nailoni la bluu ni rahisi, lakini jua linalikausha hadi linavunjika vunjika. Lihesabu kama kitu cha msimu. Lile zito la malori, lenye uzi ndani na plastiki juu, linadumu, na wanaouza vipande vilivyotumika wana bei nzuri ukikagua matundu. Rangi nyeupe au ya fedha irudishe jua juu, nyeusi ikwepe. Ringi za pembeni zisiwe mbali zaidi ya sentimita 40 hadi 50, na ukingo uwe umekunjwa mara mbili kabla ya kupigwa ringi, la sivyo ringi itatoka na kipande. Kamba ya manila ishike kona, mipira ya tyubu ishike katikati. Mpira unanyumbuka upepo ukivuta, hivyo ringi haing'oki, lakini kona zikishikwa kwa mpira mtupu turubai linapiga kama bawa.

Jambo ambalo wachache wanalijua: fremu ni moja, vifuniko vinaweza kuwa viwili. Kiangazi, wakati hakuna mvua, weka neti ya kivuli ile ya vitalu. Jua linapungua, hewa inapita, na upepo haupati pa kusukuma kama kwenye turubai zima. Masika ndipo unarudisha turubai. Mama mmoja anayepeleka mchicha na figili gulioni ameshonea neti yake mifuko midogo pembeni, anapitisha bomba humo, dakika tano amemaliza. Sijamfundisha mimi, nimemwiga na kukuletea wewe.

Nije kwenye kibaraza cha kuuzia. Wengi mkishafika gulioni toyo yenyewe ndiyo meza, na mnataka kivuli kitoke ubavuni ili mteja asimame. Nimeona cha bati chenye bawaba kinachonyanyuliwa na kuegemezwa kwa fimbo, nimeona turubai linaloviringishwa kwenye bomba. Cha bati ni kizito, kinavuta chombo upande mmoja kikiwa wazi, na fimbo ikiteleza kinashuka kama shoka juu ya kichwa cha mteja. Ukikipenda hivyo hivyo, fimbo ziwe mbili na kila moja iwe na pini juu na chini. Mimi ningechukua turubai: upande mmoja umefungwa kwenye bomba la juu la fremu, upande wa pili umeshikwa na nguzo mbili huru za mianzi au bomba jembamba, na kila nguzo ina kamba mbili zilizopigwa mambo ardhini, moja ikivuta mbele na nyingine pembeni. Penye sakafu ya saruji pasipopigika mambo, jaza mchanga kwenye madumu ya lita 20 ufungie hapo.

Ncha za mabomba yaliyo usawa wa uso zifunike. Kipande cha mpira wa bomba la maji au chupa ya plastiki iliyokatwa kinatosha. Mwezi uliopita binti wa shule alichanika juu ya nyusi kwa ncha ya bomba la kibaraza, kidole kimoja tu kutoka kwenye jicho, na alikuwa amekuja kununua hoho mbili. Kibaraza kikunjwe kabla ya kuwasha injini. Usiseme unasogea hatua kumi tu, hatua kumi zinatosha kung'oa nguzo ya jirani yako.

Na sasa neno ambalo halihusu boliti. Tela likishapata paa, watu wanaliona kama daihatsu. Mvua ikinyesha watakusimamisha, na wengine ni wanafunzi, na wengine ni mama mjamzito anayewahi zahanati, na moyo wako ni wa binadamu. Fremu hii niliyokuelekeza ni ya kubeba turubai, haiwezi kumshika mtu. Akiishika kwenye kona inatoka, au inapinda na kumtupa nje. Pawatila ikipinduka, walio chini ya mabomba hawaruki, wananaswa. Najua ni vigumu kumwambia hapana mtu mnayesali naye, kwa hiyo jipangie mapema. Panga matenga mpaka nyuma kabisa, au funga kamba ya kukatiza mlangoni, ili jibu lionekane kabla hujalisema.

Ukienda kwa fundi, nenda na chombo chenyewe kikiwa na matenga matupu yaliyopangwa kama siku ya gulio. Mwonyeshe taa za nyuma na vioo, umwambie turubai lisivifunike hata likipepea. Muombe apake rangi ya kuzuia kutu ndani ya matundu aliyotoboa kabla ya kuingiza boliti, maana hapo ndipo wanaporuka. Bandika vipande vya kuakisi mwanga kwenye kona nne, kwa sababu utarudi usiku siku ambayo hukupanga.

Baada ya safari ya kwanza kaza nati zote tena. Boliti mpya hulegea safari ya kwanza na ya pili chuma kinapojipanga, kisha zinatulia. Chora mstari mdogo wa rangi unaopita juu ya nati na flatibaa kwa pamoja. Mstari ukikatika, nati imezunguka, na utaiona bila spana.

Yule kijana amerudi barabarani. Banda la bati lilikatwa kwa grenda, mabomba ya inchi mbili akayauza, na fundi yule yule akamfungia soketi nne na paa la turubai linalofika kifuani. Mkono haunyooki wote, anasema kona za kushoto bado zinamuuma.

Alhamisi nitakuwa gulioni upande wa wauza matenga kuanzia asubuhi. Niletee vipimo vitatu: urefu wa bodi kwa ndani, upana wake, na kimo cha mzigo ukiwa umepangwa. Futi ninayo, lakini pima nyumbani kabla hujapakia.